Anayeomba Asisikie Kitu: Ukavu wa Kiroho na Makanisa ya Magharibi ya Kenya

Mhadhara wa umma, Chwele, Kaunti ya Bungoma

  

Nimeombwa nizungumze juu ya kumtamani Mungu wakati moyo umekauka. Vitabu vipo na nitavifikia. Kwanza twendeni kwenye ibada ya kawaida ya Jumapili, katika kanisa lolote kati ya Kimilili na hapa Chwele, ule wakati wa ushuhuda.

Spika zimekuwa zikinguruma tangu asubuhi. Kwaya imeimba, vijana wa sifa wameruka mpaka mashati yamelowa. Anayeongoza ibada anasema aliye na neno la ushuhuda asimame. Mama mmoja anainuka, anakaza leso kiunoni, anapokea kipaza sauti. Bwana asifiwe! Amina. Bwana asifiwe tena! Amina. Anasema ameokoka na anampenda Yesu, wiki imepita salama, watoto wamerudi shuleni, karo imepatikana kwa njia asiyoielewa. Anaketi, watu wanapiga makofi. Jambo ambalo hakulisema ni kwamba tangu wamzike mumewe hupiga magoti kando ya kitanda kila usiku, akaomba, akanyamaza, akalala asijue kama yuko aliyemsikia.

Mama huyu hakusema uongo. Alisema kile ambacho ibada yetu inamruhusu mtu kusema. Niambieni, ni lini mara ya mwisho mlimsikia mshirika akishika kipaza sauti na kusema, "Wapendwa, mwaka mzima huu naomba na sioni kitu, lakini bado naomba"? Angeanza tu kusema hivyo, nusu ya wazee wangekuwa wamekwisha simama kwenda kumwekea mikono. Hoja yangu leo ni hiyo. Makanisa yetu yamejua kumpokea aliyejibiwa, na yule anayengoja tumemfanya mgonjwa wa kutibiwa au mwenye dhambi wa kuchunguzwa. Katika pande zetu hizi kosa hilo lina historia ndefu.

Mtu wa kwanza ninayemwita shahidi ni yule ambaye bila yeye nyumba nyingi za ibada katika kaunti hii zisingekuwepo. George Fox alizaliwa Uingereza mwaka 1624, mwana wa mfumaji nguo. Mwaka 1643, akiwa na umri wa miaka 19, aliondoka kwao akiwa na dhiki rohoni ambayo hakuweza kuieleza. Akazunguka kutoka kwa kasisi mmoja hadi mwingine akitafuta msaada. Mmoja alimshauri avute tumbaku na kuimba zaburi. Tumbaku hakuipenda, na kuimba hakuwa na hali. Mwingine alizungumza naye kwa upole wakitembea bustanini, mpaka kijana wa watu alipokanyaga kwa bahati mbaya ukingo wa tuta la maua. Kasisi akawaka hasira, mazungumzo yakaishia hapo. Wa tatu aliona dawa ni kumtoa damu, kama waganga wa zama hizo walivyofanya, akachanjwa, na damu ikakataa kutoka.

Hayo ameyaandika Fox mwenyewe katika kumbukumbu za maisha yake, na mimi huyasoma nikitabasamu kwa uchungu, kwa sababu wale makasisi watatu nawafahamu. Wa kwanza ni yule wa "changamka, imba, itapita". Wa pili anakupenda mpaka utakapomharibia ratiba. Wa tatu ana tiba tayari kabla hajasikia maradhi. Ilimchukua Fox mpaka mwaka 1647, alipokwisha kata tamaa na washauri wote, ndipo aliposadiki kwamba Kristo mwenyewe anaweza kumfikia pale pale alipo. Kutokana na hapo wakazuka watu walioitwa Marafiki. Ibada yao ilikuwa ya ajabu: waliketi kimya pamoja wakimngoja Mungu, na mtu alisimama kusema iwapo tu alisukumwa ndani. Asiye na neno hakuulizwa neno. Yaani hiyo ni ibada iliyotokana na mtu aliyekuwa mkavu, na ndani yake aliye mkavu ana kiti.

Mnajua yaliyofuata. Mwaka 1902 Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifungua misheni Kaimosi. Kutoka huko kazi ikaenea ikapanda mpaka Lugulu na huku kwetu, shule na hospitali zikajengwa, mkutano mkuu wa mwaka wa Afrika Mashariki ukaundwa mwaka 1946, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Lakini ule ukimya haukushuka Kaimosi. Wengi husema sisi Waafrika ndio tuliouzika kwa kupenda nyimbo. Sivyo. Wamisionari hao walitoka katika tawi la Marafiki wa Marekani ambalo, kwa joto la mikutano ya uamsho ya karne ya 19, lilikuwa limekwisha ajiri wachungaji, kushika vitabu vya nyimbo na kuwaita watu mbele waokoke. Tulipokea jina la watu wa kungoja bila kungoja kwenyewe. Rafiki wa Uingereza aliyezoea kuketi saa nzima bila sauti akija Chwele Jumapili atadhani amekosea mlango.

Sisemi hivyo kudharau ngoma. Nimekulia kwenye ngoma, na siku ya furaha nataka ipigwe mpaka ng'ambo ya mto wasikie. Ninachouliza ni mahali gani tumemwandalia mtu ambaye siku hiyo ngoma haimwingii.

Swali hilo liliwahi kuulizwa Kaimosi kwa nguvu. Mwaka 1927, baada ya mafundisho ya Chilson juu ya Roho Mtakatifu, watu walianza kuomba kwa machozi, kuungama dhambi mbele za watu, kunena kwa lugha. Walikuwa waumini waliokwisha pokelewa na kuhesabiwa katika vitabu, na bado walikuwa na kiu. Misheni na wazee wakaingiwa na hofu. Maombi ya namna hiyo yakapigwa marufuku, walioshikilia wakatengwa, na kutoka kwao likazaliwa kanisa linaloitwa African Church of Holy Spirit. Mwaka 1942 Paul Zakayo Kivuli naye akatoka katika misheni ya Kipentekoste ya Nyang'ori akaanzisha African Israel Church Nineveh. Tunapowaona watu wa makanisa haya wakipita barabarani na kanzu nyeupe, bendera na ngoma, tukumbuke kwamba kuna wakati babu zao waliomba Mungu awe karibu zaidi, wakaambiwa wanaleta fujo.

Halafu kuna Elija Masinde, wa Maeni hapo Kimilili. Watu humkumbuka kama mchezaji mashuhuri wa mpira, kama mpinzani wa Wazungu, kama nabii. Husahau kwamba alilelewa katika Kanisa la Marafiki. Wanahistoria wanasema Dini ya Msambwa, aliyoiongoza, ilihusu ardhi na ukoloni, na wana haki. Lakini mtu hapandi Mlima Elgon kumwomba Wele, Mungu wa Babukusu, kwa njia ya mababu ikiwa kanisa aliloachiwa na wageni limemtosheleza. Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ilimfungia Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, na hakutoka mpaka 1947. Tarehe 10 Februari 1948 polisi walifyatulia risasi umati wa wafuasi wake Malakisi, watu 11 wakafa. Yeye akahamishwa mbali na kwao, akarudi mwaka 1961, akafariki mwaka 1987. Simtetei katika kila alilofundisha. Mengine siwezi kabisa. Naona tu kwamba mwenye kiu wa karne ya 17 alichanjwa atolewe damu, na mwenye kiu wa mwaka 1945 akafungiwa Mathari. Siku hizi hatumpeleki mtu popote. Tunamwambia ana roho ya uzito, tunamwombea dakika tano, tunaita anayefuata.

Tugeukie Maandiko, maana kuna mtu hapa anasubiri kuniambia kwamba Mkristo wa kweli hakauki.

Zaburi ya 42 tunaiimba kwa furaha kwa sababu ya yule mnyama anayetafuta maji. Isomeni yote. Mwenye zaburi hii ni mtu wa hekalu, wa ukoo wa Kora, na anakumbuka jinsi alivyokuwa akiongoza umati wa watu kwenda nyumbani mwa Mungu siku za sikukuu. Sasa yuko mbali, upande wa Yordani na milima ya Hermoni, na kutwa watu wanamuuliza Mungu wake yuko wapi. Kiu yake ni ya mtu aliyewahi kunywa. Anayeteseka hapo ndiye aliyekuwa kiongozi wa sifa.

Wazee wetu waliiishi zaburi hiyo mwaka 2020. Machi makanisa yalifungwa kwa sababu ya korona. Julai yalipofunguliwa, masharti yalikuwa watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na watoto wa chini ya miaka 13 pamoja na wazee waliozidi miaka 58 wabaki nyumbani. Fikirini mzee aliyepiga kengele ya kanisa tangu ujana wake, anaketi kwenye kiti mbele ya nyumba yake, anasikia kengele ile ile ikipigwa na mtu mwingine, na haruhusiwi kwenda. Wengine walifariki kabla sharti hilo halijaondolewa. Tulizungumza sana juu ya sadaka zilizopungua miezi ile. Juu ya kiu ya wazee wale sikumbuki hata semina moja.

Zaburi ya 88 hatuiimbi kabisa. Zaburi nyingi za maombolezo huanza na kilio zikaishia na sifa, lakini hiyo inaanza gizani na kufungwa gizani. Hakuna aya ya mwisho ya kutufariji. Waliokusanya Zaburi wangeweza kuiacha nje na wakaiacha ndani, na kwa kufanya hivyo walisema kwamba mtu anaweza kumwambia Mungu "sikuoni" akawa bado yumo katika ibada. Bwana wetu mwenyewe, msalabani, alipokosa faraja alichukua mwanzo wa Zaburi ya 22, kilio cha aliyeachwa, akaufanya sala yake.

Na Eliya? Leo moto unashuka Karmeli, kesho yuko chini ya mti jangwani anaomba afe. Angalieni Mungu alivyomhudumia. Hakumpa mahubiri. Alimwacha alale, akamlisha mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa, akamwacha alale tena, akamlisha tena. Maswali yalikuja baadaye sana, huko Horebu. Kuna washirika wetu ambao wanahitaji usingizi na sahani ya ugali kabla ya kesha lingine, na mchungaji mwenye busara anajua kumtuma mtu nyumbani.

Hapa nataka nitofautishe mambo, kwa sababu tukiyachanganya tutaumiza watu. Yohane wa Msalaba, mtawa wa Hispania aliyefungwa na watawa wenzake huko Toledo kuanzia Desemba 1577 mpaka alipotoroka Agosti 1578, ndiye aliyeeleza vizuri kuliko wengi usiku huu wa roho. Alitoa dalili tatu za kuutambua. Mtu haonji utamu katika mambo ya Mungu, na wala haupati katika vitu vingine. Ana wasiwasi unaomtafuna kwamba hamtumikii Mungu ipasavyo. Na ule utafakari aliouzoea umemkataa, hata akijilazimisha. Dalili ya pili ndiyo muhimu kwangu. Mtu aliyepoa kweli, aliyeacha imani ikafifia kwa uvivu, hahangaiki. Yuko sokoni anacheka. Anayekuja kwako usiku akisema "pasta, naogopa nimempoteza Mungu" hajampoteza. Hofu yake yenyewe ni namna ya kumpenda.

Mama Teresa wa Kolkata ni mfano wa karibu na wakati wetu. Barua zake zilipochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, ulimwengu ulishangaa kusoma kwamba karibu miaka 50 alitumikia maskini huku ndani mwake akihisi giza na ukimya. Wapo waliosema basi alikuwa mnafiki. Mimi nashangaa upande mwingine. Kila alfajiri aliamka akaenda kanisani, akatoka akawaosha waliokuwa wakifa, bila malipo yale ya hisia ambayo sisi tunayadai kila Jumapili ifikapo saa nne.

Lakini si kila ukavu ni usiku wa Yohane. Kuna sonona, ambayo ni ugonjwa, nayo inataka daktari na dawa pamoja na maombi; atakayemkataza mtu dawa kwa jina la imani atajibu mbele za Mungu. Na kuna ukavu unaoletwa na mkono wa binadamu. Kati ya 2006 na 2008, wakati wanamgambo wa SLDF walipokuwa wakiua na kukata watu masikio huko Mlima Elgon, na Machi 2008 jeshi lilipoingia kwa Operesheni Okoa Maisha na kuongeza mateso yake, maelfu walikimbia makwao. Wengi waliteremka kuja miji na masoko ya upande huu. Wako waliofika wakiwa hawawezi kuomba hata Sala ya Bwana. Kumwambia mtu kama huyo ajichunguze ana dhambi gani iliyofichika ni ukatili. Marafiki waliopanda kule baadaye na kuketi pamoja na jamii zote, kusikiliza kabla ya kufundisha, walielewa hilo. Naamini ni katika kazi zilizo bora za kanisa hilo katika miaka yetu.

Niruhusuni mfano mmoja wa shambani, maana niko kati ya Bungoma na Kitale na bila mahindi mtadhani mimi mgeni. Mkulima akifikisha magunia yake katika bohari ya bodi ya nafaka, NCPB, karani anachoma gunia, anatoa punje, anaziweka kwenye kipima unyevu. Ikizidi asilimia 13.5, rudi ukaanike. Haijalishi ulipanda mbegu gani, wala mvua ilikunyeshea vizuri namna gani. Mahindi mabichi yakiwekwa ghalani yanaota ukungu, ukungu unaleta sumukuvu, na sumukuvu inaua. Nadhani kuna imani iliyonyeshewa sana isiyowahi kuanikwa, inayopendeza shambani na isiyoweza kuhifadhiwa. Sitaendelea zaidi na mfano huu, kwa sababu hakuna karani wa kupima roho ya mtu, na anayekaushwa na jua la msiba hapendi kuambiwa kwamba anaandaliwa ghala.

Kuna jambo lingine ambalo halinifurahishi na nitalisema kwa kifupi. Kiu imekuwa biashara. Mtu aliyekauka ni mteja mzuri: atapanda mbegu, atanunua mafuta, atatuma pesa kwa namba inayotembezwa kwenye skrini wakati mhubiri akipiga kelele. Asipopata kitu ataambiwa mbegu ilikuwa ndogo. Sitataja jina la mtu. Nawaomba tu wachungaji mlio waaminifu mtambue kwamba wateja hao wanatoka katika makanisa yenu, na wanatoka kwa sababu hawakupata mahali pa kusema wamekauka.

Sisi hatukuhitaji kusubiri Hispania au Uingereza ili kujua kukaa na mtu penye uchungu. Babukusu wana khuswala kumuse. Mzee wa heshima akifa, baada ya mazishi jamii hukusanyika, na msemaji aliyejaliwa kazi hiyo, mwenye fimbo yake, hutembea katikati ya watu akisimulia walikotoka, walivyohama, walivyozika wengine kabla ya huyu. Watu huketi, wanatulia, wanasikiliza kwa saa nyingi. Hakuna anayemharakisha mfiwa aseme amepona. Wamisionari wengi waliiogopa desturi hii na baadhi ya makanisa yanaiogopa mpaka leo. Mimi naona humo ustadi ambao ibada zetu zimeukosa: watu wengi kukaa pamoja muda mrefu mbele ya jambo lisilo na jibu.

Vijana wa vyuo wataniuliza, sasa yeye aliyekauka afanye nini? Asome zaburi hata kama hazimwingii. Aende ibadani akae nyuma. Asijilinganishe na anayeruka mbele, wala asimdharau. Afanye tendo moja la huruma ambalo halimpi hisia yoyote. Amtafute mtu mmoja, mmoja tu, asiyependa kutoa majibu, amwambie ukweli. Mengine hayako mikononi mwake, na hakuna mhadhara utakaoyaharakisha.

Ombi langu kubwa, hata hivyo, naliweka kwenu mnaoshika kipaza sauti. Jumapili ijayo, mkifika kwenye ushuhuda, baada ya kumwita aliyejibiwa mwiteni na ambaye bado anangoja. Mpeni dakika zile zile. Akimaliza kusema, zimeni kinanda, kaeni kimya pamoja naye kwa muda ambao utawakera kidogo. Msimwekee mikono mpaka aombe mwenyewe. Na Jumapili inayofuata mwiteni tena, hata kama habari zake ni zile zile.